Mkanda Mmoja Mahali pa Miwili

Vijana wa gereji, siku mliyoniaga mlinipa doti ya kanga na daftari. Kanga nimeishona pindo, na daftari ndilo hili. Mlisema niandike niliyoyaona kazini ili nanyi myasome. Elimu yangu ni darasa la nne, na hilo la nne nalo nililimaliza kwa kuwa mwalimu alichoka kuniona. Mjukuu wangu alitaka nimsimulie yeye aandike. Nimemkatalia, maana yule angenipamba, na nikishapambwa mtadhani nilizaliwa na spana mkononi. Sikuzaliwa nayo. Mtakayosoma humu mengi ni makosa yangu, na moja ndilo kubwa kuliko yote.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye mashine ya kusaga, kwetu Njinjo. Nilikuwa napokea debe la mahindi, nalimimina, kisha nakaa mbali na mkanda. Mkanda wenyewe ulikuwa mpana na mrefu, umetoka kwenye injini ya dizeli upande huu na kwenda kuzungusha kinu upande wa pili. Mwaka mmoja injini ikafa, ikaletwa nyingine, nayo ikawa inazungusha kinu kinyumenyume. Unga hautoki, watu wamepanga foleni mpaka barabarani. Mwenye mashine hakugombana na mtu. Aliuvua mkanda, akaupitisha msalaba katikati, ukawa kama tarakimu ya nane, akaurudisha. Kinu kikazunguka vizuri na watu wakasaga. Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili. Nayasema mapema ili mjue kwamba niliyaona, kwa sababu miaka mingi baadaye nilifanya kazi kama mtu ambaye hajaona kitu.

Nilipoolewa nikahamia Masoko. Mume wangu alikuwa tarishi, akaniombea kazi ya kupika chai katika karakana ya wilaya. Hapo ndipo nilipokutana na Fundi Chilumba. Alikuwa Mmakonde wa Mtama, mtu wa kanisani, mfupi, na kofia yake hakuivua hata akiwa chini ya gari. Siku yangu ya kwanza alikuwa amelala chini ya lori, akanyoosha mkono bila kuniangalia, akasema nimpe spana kumi na tatu. Nikazihesabu moja moja, nikamletea kumi na tatu, nikazipanga juu ya turubai kwa ukubwa. Alizitazama, akanitazama mimi, akachukua moja tu, ile yenye namba, akarudi chini. Hakucheka. Waliocheka ni wengine, na walicheka mpaka Idi.

Kesho yake akaniita nije nishike taa. Sikujua kwa nini, na miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba aliona akili yangu. Siku moja nikamuuliza. Akasema, "Niliona mtu anayeweza kuzipata spana kumi na tatu katika karakana hii. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama zipo."

Alinifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Alinifundisha kwamba kila kinachofunguliwa kinaingia kikapuni, na kikapu kinakwenda na fundi popote aendako, hata kama kilichofunguliwa hakitakiwi tena. Kuhusu mikanda ya V inayofungwa miwili miwili, alisema ibadilishwe yote pamoja, kwa sababu ni kama wake wenza: ukimpendelea mmoja, basi huyo huyo ndiye atakayebeba kazi za nyumba nzima mpaka akatike. Alikuwa Mkristo wa mke mmoja, sijui aliyajulia wapi.

Na alikuwa na neno lake jingine. "Somoe," alikuwa akiniambia, "gari halidanganyi. Mwenye gari ndiye anayedanganya." Hili nililipenda kuliko yote. Lilinipa ruhusa ya kutowasikiliza watu, nami kwa tabia yangu nilikuwa naitafuta ruhusa hiyo tangu utotoni. Mtu akija kunieleza gari lake lilivyoanza kuumwa, nilikuwa naitikia "ehe, ehe" huku natafuta bisibisi.

Kisha zikaja zama za ruksa. Karakana ya wilaya ikafungwa, tukaambiwa kila mtu ajitegemee. Fundi Chilumba akajenga banda la mabati nyuma ya soko, nami nikamfuata na birika langu la chai, kwa sababu nilikuwa bado napika, msifikiri niliacha. Madukani vikaanza kuingia vitu ambavyo hatujaviona: redio, viatu vya mitumba, na injini kutoka Japani zilizokatwa na kuuzwa kama nyama, kipande kipande. Lakini vitu vya magari yetu ya zamani vikapotea. Ukitaka mkanda wa V wa pikapu kuukuu, muuzaji anakuonyesha mkanda mwingine, bapa, mwembamba, wenye mistari tumboni kama kodrai na laini mgongoni. Anakwambia huu ndio wa kisasa, mmoja tu unazunguka kila kitu, unapita huku na huku kama nyoka. Ule wa zamani? Anakwambia, mama, hao walishakufa.

Katika siku hizo ndipo lilipoletwa gari la Njinjo.

Lilikuwa pikapu la marehemu Mzee Athumani, ambalo lilikuwa likibeba watu na ufuta kati ya Njinjo na Masoko. Alipougua, gari lilikuwa limeshakata mikanda yake yote miwili, na dereva wake, Shaibu, alilifikisha kwetu kwa kamba ya katani iliyofungwa fundo mahali pa mkanda. Likalala kwenye banda letu. Mwenyewe akafariki. Akaacha mjane, Bi Mwanahawa, na mabinti wawili, hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo ndugu zake nao walikuwa na fungu katika urithi. Mkubwa wao, Mzee Mfaume, alitamka mbele ya watu: eda ikiisha tutakaa, gari likija Njinjo kwa miguu yake, tutaiachia nyumba hii, liwalishe watoto. Lisipokuja, litauzwa chuma chakavu, tugawane. Hakusema kwa ubaya. Gari lililokufa haligawanyiki mpaka liuzwe.

Sasa fundi ilibidi aende Njinjo kuzungumza na mwenye gari, akachukue vyuma fulani ambavyo marehemu alinunua Dar es Salaam kabla ya kuugua. Fundi Chilumba asingeweza. Mjane aliye edani hakai na mwanaume asiye maharimu wake, na katika mafundi wote wa Masoko, asiye mwanaume alikuwa mmoja. Basi msije mkasikia huko nje kwamba nilichaguliwa kwa ufundi. Nilichaguliwa kwa kuwa ningeweza kuingia chumbani.

Nikamkuta amekaa juu ya mkeka, amevaa nyeupe, wanawake wawili wapo naye wanasuka ukili. Nikampa pole ya msiba, akasema ameshapoa. Akaniambia vyuma viko chini ya kitanda, ndani ya gunia. Nikalivuta. Kulikuwa na sehemu yote ya mbele ya injini ya Kijapani: puli za mistari, altaneta ya kuchajia betri, ile roda yenye springi ambayo hukaza mkanda wenyewe, na puli moja laini isiyo na mistari.

"Alisema hivyo vikifungwa, mkanda mmoja utafanya kazi ya miwili," alisema Bi Mwanahawa. "Aliniapia hatutafunga kamba tena."

Kisha akaanza kunieleza gari. Lilivyokuwa likiwaka asubuhi, lilivyokuwa likinguruma likishiba mzigo, mahali ambapo yeye alikuwa akisimama mumewe anapolipasha moto. Alizungumza kwa muda mrefu, nadhani alikuwa hajapata mtu wa kumwambia. Nikaitikia "ehe, ehe" huku nahesabu mistari ya puli. Mwenye gari, si mnajua, ndiye anayedanganya.

Niliporudi Masoko, Fundi Chilumba alikuwa anajiandaa kwenda kwao Mtama kuvuna. Akazitazama puli, akaniuliza kama nitaweza. Nikamwambia kwani kuna nini hapo. Akaniambia nikumbuke jambo moja: puli zote zikae kwenye mstari mmoja, maana mkanda wa V utakusamehe ukipinda kidogo, lakini huu utapanda ukingoni na kujichana nyuzi. Akaondoka.

Kazi ile niliifanya vizuri mpaka mahali nilipoiharibu, na nataka mjue sehemu nzuri kwanza, kwa sababu ni fupi. Puli ya chini, ile inayozungushwa na injini yenyewe, nilimpelekea fundi wa kukereza vyuma Lindi, akaipanua tundu ikakaa kwenye shafti ya zamani. Puli ya mistari niliyoichagulia pampu ya maji akaitoboa matundu manne yaoane na pampu yetu. Altaneta nikaifunga kwa kipande cha chuma nilichochomea mwenyewe, nikaweka washa, vile visahani vyenye tundu, nyuma yake moja moja, huku nimevuta uzi wa waashi kutoka puli ya chini mpaka ya juu. Uzi ukigusa kingo zote bila kupinda, puli zimekaa sawa. Niliweka washa tatu, nikatoa moja, nikaweka nyembamba. Siku nzima. Mpaka leo sioni aibu juu ya zile washa.

Ikabaki kupima urefu wa mkanda. Hapo nikajiona mjanja kuliko Wajapani. Kamba hunyooka ikivutwa, waya haukubali kukumbatia puli. Nikasema, mimi ni mtoto wa Njinjo, nasuka mikeka tangu sijaota meno ya pili, nitapima kwa ukili. Nikalowesha ukindu ili ulainike, nikasuka ukili mwembamba, nikauzungusha kwenye puli zote, kwa nje, kama mkanda utakavyopita, nikakata pale pale miisho ilipokutana. Nikampa kondakta wa basi la Dar es Salaam aupeleke dukani, wampe mkanda wenye urefu huo huo. Kondakta akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni kipimo. Akaushika kwa vidole viwili tu na kuutandaza juu ya dashibodi, mbali na mwili wake.

Na dashibodi ya basi, siku nzima, inapigwa jua.

Hakuna msuka mkeka asiyejua kwamba ukili mbichi ukikauka hujikunyata. Hata binti wa miaka saba anajua. Ndiyo maana tunauanika kwanza kabla ya kushona. Fundi wa kwanza mwanamke wa Masoko hakukumbuka. Mkanda uliorudi ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu, na zilikuwa zimebaki siku tano eda iishe. Basi jingine kwenda na kurudi, barabara ile ya wakati ule, mvua zimeanza kule Rufiji: ilikuwa haiwezekani.

Nikakaa juu ya kibao, nikautazama mkanda kama mtu anayetazama mkwe mkorofi. Kisha nikaona njia. Nikiupitisha chini ya puli ya pampu badala ya juu yake, safari inakuwa fupi, mkanda unatosha. Tatizo, ukipita chini, unagusa pampu kwa mgongo wake laini, na puli ya pampu ina mistari. Nikakumbuka ile puli laini ndani ya gunia. Nikajiuliza, hii laini Wajapani waliiweka ya nini? Si kwa mgongo wa mkanda huu? Nikaona hata Japani wananiunga mkono. Nikakimbilia Lindi, fundi akaitoboa, nikaifunga kwenye pampu, ile ya mistari nikaitupa kikapuni. Mkanda ukaingia. Roda ya springi ikaukaza. Nikawasha.

Hamjasikia kimya kama kile. Mikanda ya zamani ilikuwa inalia kila asubuhi kama paka. Huu ulipita kama maji. Taa ya chaji ikazimika. Watu wa sokoni wakaja kuangalia, mmoja akasema, "Bi Somoe umelitia gari mkanda wa suruali." Nikajimiminia chai, nikainywa taratibu, na sukari nikaongeza.

Alhamisi alfajiri tukaondoka, Shaibu akiendesha, mimi pembeni na kikapu changu miguuni. Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, ndugu watakaa. Mpaka Nangurukuru mshale wa joto ulikuwa umepanda kidogo tu. Tulipoacha barabara kuu na kuanza kupanda, ukapanda nao. Kilima cha kwanza likachemka. Tukasimama, tukasubiri, tukaongeza maji. Nikasema ni maji ya Masoko, yana chumvi. Kilima cha pili likachemka. Nikafungua kile kizibo cha joto kinachokaa kwenye mdomo wa bomba, nikakitoa kabisa, nikakitia kikapuni. Likachemka. Nikasema Shaibu anakanyaga mafuta vibaya. Shaibu akaenda polepole, likapoa kidogo. Akaenda kasi, likachemka zaidi. Jambo hilo lilikuwa geni, maana gari likienda kasi hupata upepo, na likipata upepo hupoa. Sikutaka kulifikiria. Nikasema rejeta imeziba, marehemu hakuwa akiisafisha. Nikamlaumu maiti, Mungu anisamehe.

Shaibu alikuwa mpole, lakini tulipomaliza dumu la nne akasema, "Bi Somoe, niambie ukweli. Hili ni gari au ni birika lako?"

Nilikuwa nahesabu. Kesho litapakizwa watu na mzigo, lipande kilima mbele ya Mzee Mfaume. Likichemka mbele yake, litauzwa.

Tukafika Njinjo adhuhuri imepita, likiwa linatoa moshi kama jiko la msibani. Bi Mwanahawa alikuwa amelisikia kabla hatujafika, akaagiza liingizwe ndani ya ua. Shaibu akaliingiza, akatoka, akarudishia lango la mabua. Tukabaki wanawake. Nikamwongeza maji huyo mgonjwa wangu, nikaliwasha, nikafungua boneti, nikaweka bisibisi sikioni. Nikasikiliza pampu. Nikasikiliza altaneta. Zote nzima. Gari halidanganyi, nami sikuwa naelewa linachosema.

Bi Mwanahawa akatoka ndani. Ilikuwa siku yake ya mwisho ya eda. Akaja mpaka mbele ya gari, kwenye wavu, akasimama hapo, kichwa ameinamisha. Nilidhani analia. Kisha akasema:

"Dada, mbona linanipulizia?"

"Linakupulizia nini?"

"Upepo. Marehemu akilipasha moto mimi nilikuwa nasimama hapa hapa. Lilikuwa linanivuta kanga kwenye wavu. Siku moja lilining'ang'ania, nikamwita aje anitoe. Nilikusimulia siku ile. Leo linanipulizia usoni."

Nikamwambia, kwa sauti ambayo leo nikiikumbuka napandwa na joto kuliko lile gari, kwamba gari halipulizi mbele, dada, magari hayako hivyo. Akasema, "Njoo usimame wewe."

Nikaenda nikasimama. Nikashika pindo la kanga yangu, nikalisogeza kwenye wavu. Likanirudia usoni, pwaa, kama kofi.

Nikaona mashine ya kusaga. Nikaona mkanda unavuliwa, unapitishwa msalaba, kinu kinageuka. Mkanda ukikugusa kwa tumbo, unakuzungusha huku. Ukikugusa kwa mgongo, unakuzungusha kule. Feni na pampu ya maji zimekaa kwenye shafti moja. Nilipouchukua mkanda na kuupitisha chini, nilizigeuza zote mbili. Pampu ilikuwa inayachota maji kinyume, feni inapuliza mbele badala ya kuvuta, na gari likienda kasi, upepo wa njiani na upepo wa feni vinakutana kwenye rejeta na kugombana, hakuna anayepita. Wajapani hawakukosea. Pampu yao ilitengenezwa izunguke hivyo. Ya kwetu haikutengenezwa hivyo, na mimi sikuiuliza.

Nikakaa chini. Bi Mwanahawa akaniuliza kama limekufa. Nikamwambia halijafa, aliyekufa ni mimi.

Lakini bado mkanda ulikuwa mfupi. Nikiurudisha juu ya pampu hautoshi. Nikavitazama vyuma vile kwa muda, safari hii bila haraka, na mwenye gari amesimama karibu yangu ananiuliza kila kimoja ni cha nini. Hiki kinazungusha maji. Hiki kinachaji betri. Hiki chenye springi, akauliza. Nikamwambia kinakaza mkanda tu. Akasema, "Zamani nani alikuwa anaukaza?" Nikamwambia zamani tulikuwa tunaisukuma altaneta kwa mtaimbo, tukishakaza bolti basi. Nilipomaliza kusema, nikaigeukia roda. Roda ile nayo ilikuwa inakula urefu. Nikiitoa, mkanda unapita pembe tatu tu, chini, pampu, altaneta, kwa tumbo lake, kama wa zamani ulivyopita.

Puli ya mistari ilikuwa kikapuni, kwa amri ya Fundi Chilumba. Nikaifunga. Nikaitoa roda ya Kijapani. Mkanda ukaingia, ukabaki na ulegevu kidogo. Nikaisukuma altaneta kwa mtaimbo huku Bi Mwanahawa ameshika spana ya bolti, mara yake ya kwanza kushika spana, akakaza nilipomwambia kaza. Ukiubonyeza kwa dole gumba uingie kidogo tu, basi. Tukaliwasha. Kanga yake ikavutwa kwenye wavu, ikanasa. Hakuita mtu. Aliiacha hapo.

Ijumaa baada ya swala wakaja. Wanaume kwenye mikeka barazani, wanawake ndani nyuma ya pazia, mimi nikapewa kigoda katikati, kwa sababu hawakujua waniweke wapi. Mzee Mfaume akaamuru gari lipakizwe magunia ya ufuta na watu wanane juu yake, yeye akakaa mbele na Shaibu. Wakapanda kile kilima, wakashuka, wakapanda tena. Waliporudi alishuka mwenyewe, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Likawa halimchomi.

Wakaniamkia. Wazee wakanishika mkono. Mmoja akasema hajaona mwanamke mwenye akili ya chuma namna hii, nami nikainamisha kichwa kama mtu ambaye hapendi sifa. Nikaletewa soda.

Mzee Mfaume akakaa, akakohoa. "Gari limekuja, nami nilisema. Lakini nitasema na jingine, mnisamehe. Gari linataka mtu wa kulielewa. Mwanahawa ni mwanamke, hajui gari. Kesho fundi atamwambia injini imekufa, kumbe imeisha maji, naye ataitikia. Mwaka haujaisha, litakuwa limekwisha. Afadhali tuliuze leo likiwa linatembea, kila mtu apate chake."

Watu wakaguna mguno wa kukubali. Mimi nilikuwa na soda mkononi, baridi, na sifa zangu bado moto. Nilikuwa naweza kunyamaza. Nikawaza hata namna ya kunyamaza kwa heshima.

Nikaiweka soda chini.

"Mzee Mfaume," nikasema, "jana gari hili lilikuwa limefungwa kinyume. Feni kinyume, pampu kinyume. Nililifunga mimi. Nimelileta kutoka Masoko linachemka njia nzima. Nikalaumu maji, nikamlaumu dereva, nikamlaumu na marehemu kaburini. Hakuna aliyeona. Aliyeona ni Mwanahawa, kwa kusimama mbele yake tu. Na nilipokwama tena, yeye ndiye aliyeniuliza swali lililonikwamua. Ukimpa gari hili mwingine, mimi siwezi kukuahidi kitu."

Shaibu, kule mwisho wa baraza, akasema, "Nilijua si miguu yangu." Watu wakacheka, tena kwa muda mrefu, na nikawaacha wacheke.

Mzee Mfaume hakucheka. Akageukia pazia. "Mwanahawa, ni kweli?"

"Kweli, shemeji."

"Ulijuaje?"

Akamweleza, upepo ulivyokuwa unavuta na ulivyokuja kupuliza. Alieleza polepole, hakuruka kitu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo fundi wetu huyu alikuwa hajui?"

Kisha Bi Mwanahawa akasema, "Alikuwa anajua, shemeji. Alikuwa hajauliza."

Mzee Mfaume akatoa funguo kwenye mfuko wa kanzu, akampa mtoto mkubwa wa marehemu, binti, azipeleke ndani kwa mama yake. Shauri likaisha hapo, wali ukaletwa.

Fundi Chilumba aliporudi kutoka Mtama nilimsimulia yote. Akavua kofia, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara, akacheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kisha akaniambia lile neno lake kuhusu mwenye gari lilikuwa na nusu ya pili, kwamba ndiye huyo huyo anayelijua lilivyokuwa likiwa zima, ila hakuwahi kunimalizia kwa sababu kila alipotaka kunimalizia nilikuwa nimeshaondoka.

Pikapu lile lilibeba ufuta na wagonjwa na maharusi miaka mingi, na mabinti wote wawili walisoma kwalo kupita mimi. Bi Mwanahawa alikuwa akilileta kwetu mwenyewe. Alikuwa anasema, mimi nasikiliza.

Siku ile Njinjo yeye alipewa funguo, mimi nikapewa jina. Mpaka mwezi niliostaafu, gari likija kutoka kule, watu wake wanafika pale getini penu na kuuliza: Bi Kinyumenyume yupo? Nanyi mlikuwa mnadhani ni matusi, mnawafukuza. Muwaache waingie.